Mizani ya Karafuu

Katika ngano za mwambao, sungura haumwi. Humlaghai simba, humtumbukiza fisi shimoni, hukimbia na mali ya watu, na ngano ikimalizika yeye yu mzima, masikio yamemsimama. Msimulizi hana haja ya kumtafutia tabibu. Pengine ndiyo sababu mtu aliyelelewa na ngano hizo hushangaa anapompakata sungura wa kweli kwa mara ya kwanza na kuona jinsi alivyo dhaifu: mifupa myepesi kama ya kuku, moyo unaokwenda mbio usiohesabika, na kimya. Akiumwa hujikunyata pembeni na kuyaficha maumivu yake, kwani kiumbe anayewindwa na kila mwenye meno hathubutu kuonyesha kwamba amechoka.

Kwa hakika wawili hao si ndugu wa karibu kama jina lao linavyotaka watu waamini. Sungura wa ngano ni yule wa porini, ambaye watoto wake huzaliwa na manyoya, macho yamekwisha kufunguka, tayari kukimbia. Sungura wa kufugwa asili yake ni Hispania na Ureno, na watoto wake huzaliwa uchi na vipofu, ndani ya shimo, juu ya manyoya ambayo mama yao ameyanyofoa mwilini mwake. Wa kwanza amezaliwa na njia ya kutorokea. Wa pili amezaliwa akingojea kutunzwa.

Karafuu alikuwa wa aina hii ya pili. Alifika katika nyumba ya watu wa Unguja waishio London ya mashariki mwaka 2019, akiwa na umri wa miaka miwili, pamoja na kizimba chake na mfuko wa nyasi kavu. Jirani aliyemfuga alikuwa akihama. Binti wa nyumba hiyo, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 11, aliomba kwa siku tisa mfululizo. Baba, dereva wa basi la usiku, alikubali kwa sharti kwamba mnyama asilale kitandani mwa mtu. Mama alikubali bila ya sharti lolote, jambo lililomshangaza binti, kwa kuwa mama ndiye aliyekuwa hataki hata paka. Tena mama ndiye aliyempa jina, kwa rangi yake ya hudhurungi, kama karafuu iliyoanikwa ikakauka barabara.

Mwaka wa kwanza ulikuwa wa furaha. Majira ya baridi ya mwaka 2020, Karafuu aliamka asubuhi moja kichwa kimemlalia upande wa kushoto, kana kwamba anasikiliza kitu kilicho chini ya sakafu. Alipojaribu kutembea alizunguka na kuanguka. Daktari wa wanyama alieleza kwamba hiyo ni kazi ya kimelea kidogo mno kiitwacho Encephalitozoon cuniculi, ambacho sungura wengi wanacho mwilini bila ya kuonyesha dalili yoyote, lakini kikichachamaa hushambulia ubongo na figo. Alipewa dawa ya siku 28. Binti alimlisha kwa bomba la sindano lisilo na sindano, uji wa nyasi zilizosagwa, kila baada ya saa chache, kwa sababu tumbo la sungura halitakiwi kukaa tupu: likisimama kufanya kazi kwa nusu siku tu, maisha yake yamo mashakani. Kichwa kilirudi, ila si moja kwa moja. Kuanzia siku ile Karafuu aliutazama ulimwengu kwa mshazari.

Baadaye yakaja meno. Meno ya sungura hayaachi kukua maisha yake yote; yale ya mbele huongezeka kiasi cha milimita mbili au tatu kwa wiki, na kinachoyapunguza ni kutafuna nyasi mchana na usiku. Magego ya Karafuu yalikuwa hayakutani sawasawa. Yaliota ncha kali zilizomkata ulimi, naye akawa anaiendea sahani yake kwa hamu, ananusa, kisha anageuka na kuondoka. Kila baada ya miezi mitatu au minne ilibidi apelekwe akatiwe nusukaputi, kinywa kifunguliwe, ncha zisagwe. Mama alitoa mizani ya jikoni, ile aliyokuwa akipimia unga wa maandazi, akaweka beseni juu yake, na kila Jumapili asubuhi Karafuu alipimwa. Binti aliandika uzito katika daftari la skuli: kilo 2.1, kilo 2.0, kilo 1.9, kilo 2.0. Daftari lile lilikuwa ndiyo sauti pekee aliyokuwa nayo mgonjwa.

Basi ndivyo mambo yalivyokuwa katika majira ya machipuo ya mwaka 2022, mama alipokuta kitambaa cha kizimba kimelowa mkojo mwekundu. Walikwenda kliniki siku hiyo hiyo. Daktari alichovya kikaratasi katika mkojo, akangoja, kisha akasema kwamba haikuwa damu. Mkojo wa sungura huweza kuwa mwekundu kwa rangi ya majani aliyokula tu, bila ya ugonjwa wowote. Mama alishusha pumzi. Lakini daktari hakuifunga faili. Aliuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuliuliza katika miaka mitatu ya nenda rudi, kwa kuwa kila safari palikuwa na shida nyingine iliyotangulia.

Alisema neno moja fupi la Kiingereza. Binti, aliyekuwa mkalimani wa mama yake tangu yuko na miaka tisa, katika barua za manispaa na simu za benki, alikwama.

"Anasema... kumfanya asizae," alisema.

"Kumfunga uzazi?"

"Siyo kumfunga, mama. Wanakata. Wanatoa ile... ile nyumba ya watoto."

Mama alinyamaza kidogo.

"Kizazi," alisema. "Useme kumtoa kizazi."

Kwa Kiswahili kizazi ni neno lenye milango miwili. Ni kiungo cha mwanamke, na ni watu wote watakaokuja baada yake. Mtu hawezi kuutaja mlango mmoja bila ya upepo kupita katika mlango wa pili. Daktari hakuwa na khabari ya upepo huo. Kwake lilikuwa jambo la kitaalamu, na alilieleza vizuri. Sungura jike asiyetolewa kizazi, alisema, umri ukimsogea yumo katika khatari kubwa ya saratani ya kizazi. Katika baadhi ya koo zilizochunguzwa, zaidi ya nusu ya majike waliopindukia miaka minne walikutwa nayo. Saratani hiyo aghalabu hukua polepole, kisha ikahamia mapafuni, na hapo hapana la kufanya. Ndiyo maana nchini Uingereza madaktari hupendekeza sungura jike afanyiwe upasuaji akiwa na miezi baina ya minne na sita. Karafuu alikuwa na miaka mitano. Waliomlea mwanzo hawakufanya, na waliompokea hawakujua.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, ndivyo wasemavyo wahenga, na kwa methali hiyo peke yake shauri lingekuwa limekwisha. Lakini wahenga hao hao wamesema kwamba maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Upasuaji ambao daktari huufanya kila wiki ni bahari kwa mnyama wa kilo mbili. Daktari mwenyewe hakulificha hilo. Upo uchunguzi maarufu uliofanywa katika kliniki 117 za Uingereza na kuchapishwa mwaka 2008, uliowafuatilia wanyama waliotiwa nusukaputi au dawa ya kutuliza hadi saa 48 baadaye. Mbwa waliokufa walikuwa asilimia 0.17. Paka, asilimia 0.24. Sungura, asilimia 1.39. Na sungura wenyewe waligawika mafungu mawili: waliokuwa wazima, asilimia 0.73, yaani mmoja katika kila 137 hivi. Waliokuwa wagonjwa, asilimia 7.37, yaani mmoja katika kila 14 hivi. Wengi wao walikufa baada ya upasuaji, katika yale masaa ambayo jamaa wa nyumbani hudhani kwamba khatari imekwisha kupita.

Swali lilikuwa Karafuu awekwe katika fungu gani. Mtu aliyemwona akitafuna mnanaa uani angesema mzima. Mtu aliyelisoma faili lake angesema mgonjwa. Alikuwa mgonjwa aliyeuzoea ugonjwa wake, na kwa watu wa namna hiyo, kama kwa wanyama, takwimu hazina safu. Ni kweli kwamba alikwisha kutiwa nusukaputi mara nne kwa ajili ya meno, na mara zote nne aliamka. Lakini kulala dakika chache kinywa kisafishwe ni jambo moja, na kufunguliwa tumbo ni jambo jingine.

Nyumbani, kila mmoja alikuwa na rai yake. Binti alitaka upasuaji, tena haraka. Alikuwa na umri wa miaka 14, umri ambao ubaya unaojulikana lazima upigwe vita. Baba alisema fedha zitapatikana, lakini asije akalipia mazishi. Mama alisema hapana. Hakutoa sababu, na binti, aliyezoea kuzifasiri kauli za wengine, hakuweza kuifasiri hapana ile.

Usiku mama alimpigia simu mama yake, Mwembetanga, Unguja. Bibi alisikiliza kisa chote kwa subira. Huko kwao sungura hufugwa na wachache, aghalabu kwa ajili ya nyama, lakini habari ya kuwazuia wanyama kuzaa haikuwa ngeni kwake. Amewaona paka wa Mji Mkongwe wakikamatwa, wakapelekwa kwa tabibu na kurudishwa vichochoroni.

"Wanavyuoni wamekhitilafiana juu ya kuhasi," alisema. "Kutibu ni mlango mwingine. Lakini mwanangu, hilo silo unaloniulizia."

"Naulizia hilo hilo, mama."

"Haya. Basi nami nikuulize. Hiyo khofu ni ya sungura au ni yako?"

Mama aliaga, akakaa na simu mkononi.

Mwaka 2010, kabla ya kuhamia Uingereza, mama alitolewa kizazi katika hospitali moja. Alikuwa na uvimbe uliomtoa damu kwa miezi mingi, na binti yake, mtoto wa kwanza, alikuwa na miaka miwili. Daktari alisimama kando ya kitanda, akasema ni lazima, akampa karatasi. Pengine ilikuwa lazima kweli. Damu ilikuwa imempungukia sana, na huenda yule daktari alimwokoa. Lakini hakuna aliyemweleza kama palikuwa na njia nyingine, wala kama angeweza kungoja, wala atakuwaje baadaye. Alitia sahihi. Aliporudi nyumbani watu walimpa pole na hongera kwa pamoja, kisha jambo likafunikwa. Binti alikua akiulizwa na wenziwe kwa nini hana ndugu, naye alijibu kwamba Mungu hakujaalia.

Siku ya tatu baada ya kliniki, walipokuwa wakimpima Karafuu, mama alimweleza binti yake. Alimweleza kwa maneno machache, macho yakiwa kwenye mizani.

"Hukuulizwa?" binti alisema.

"Niliulizwa. Nilipewa kalamu."

Binti hakusema kitu kwa muda mrefu. Kisha, kwa mazoea, alitoa uzito wa beseni katika hesabu na kuandika kilichobaki. Hivyo ndivyo walivyofanya kila Jumapili, kwa kuwa mizani ile haikujua kutenganisha beseni na mnyama; kazi hiyo ilikuwa ya mwenye kupima. Mama aliitazama ile hesabu ya kutoa, na pale pale akaona alichokuwa amekifanya siku tatu zile. Alikuwa akimpima Karafuu pamoja na tumbo lake mwenyewe. Hapana yake haikuwa ya sungura. Ilikuwa hapana aliyoshindwa kuitamka miaka 12 iliyopita, sasa imepata mahali pa kusemea.

Lakini na binti naye alikuwa na beseni lake. Alikumbuka usiku wa kichwa kuinama, alivyojiona hana la kufanya, na upasuaji ulimpa kitu cha kufanya. Na baba, kwa mzaha wake wa mazishi, alikuwa akiiogopa siku ya kumrudishia mtoto wake kizimba kitupu. Wote watatu walimpenda Karafuu, na kila mmoja alikuwa ameweka juu ya mizani kitu kisichokuwa Karafuu.

Mwenye kuamua kwa niaba ya asiyesema ana mtego mwingine wa kuuchunga. Watu wengi huuogopa ubaya unaopitia mikononi mwao kuliko ubaya unaojijia wenyewe. Sungura akifa mezani, aliyetia sahihi atajilaumu. Akifa kwa saratani miaka miwili baadaye, lawama itaandikwa kwa kudura. Lakini kwa sungura vifo hivyo viwili vina uzito wake kwa namna alivyovipata yeye, na hajui nani atakayelala na nani atakayekesha. Kutotenda nako ni kutenda, ila hakuna karatasi inayoletwa itiwe sahihi.

Kwa hivyo mama hakurudi kliniki na jibu. Alirudi na maswali, yale ambayo yeye hakuyauliza kitandani mwaka 2010, na binti aliyafasiri moja baada ya moja. Je, iko njia ya kukitazama kizazi bila ya kukata? Je, figo zake zitaihimili dawa? Je, tukingoja, tutajuaje kwamba tumengoja kupita kiasi? Je, daktari angekuwa ndiye mwenye sungura huyu angefanyaje? Daktari aliyajibu yote isipokuwa la mwisho, ambalo alilifikiria kwanza, kisha akasema kwamba kwa sungura mzima wa miezi sita angekata bila ya kusita, ila kwa huyu angetaka kwanza kuipima damu yake.

Damu ilipimwa. Figo zilionekana zimechoka, kwa sababu kile kimelea kilikuwa kimepita humo pia. Picha ya tumbo ilionyesha kizazi kisichovimba, ingawa daktari aliwatahadharisha kwamba mwanzo mdogo wa saratani huweza kujificha kwenye picha. Sasa uamuzi ulikuwa na kitu cha kusimamia. Upande mmoja, khatari ya saratani, kubwa lakini ya polepole na isiyokuwa na tarehe. Upande wa pili, upasuaji mrefu juu ya figo zilizochoka, kwa mnyama ambaye baada ya kuamka lazima ale haraka, naye ana meno yanayomkataza kula.

Waliamua wasimkate. Na kwa kuwa uamuzi usio na masharti aghalabu ni uvivu uliovaa kanzu, waliuwekea masharti, binti akayaandika katika ukurasa wa nyuma wa daftari. Kila atakapolazwa kwa ajili ya meno, tumbo lake litapapaswa na kupigwa picha. Mkojo ukiwa mwekundu utapimwa siku ile ile, usidhaniwe kuwa ni majani. Uzito ukishuka wiki mbili mfululizo, watakwenda kliniki bila ya kungoja wiki ya tatu. Na picha ikionyesha badiliko lolote, jambo zima litafunguliwa upya, bila ya mtu kusema kwamba tulikwisha kuamua.

Binti hakuridhika. Aliukubali uamuzi kama anavyokubali mtu aliyesikilizwa akashindwa kwa hoja, na hiyo si sawa na kuridhika, lakini ni bora kuliko kunyamazishwa.

Karafuu aliishi mwaka mmoja na miezi minane baada ya hapo. Alilazwa kwa ajili ya meno mara tano zaidi, na mara zote tano picha ilikuwa safi. Mapema mwaka 2024 uzito ulianza kushuka: kilo 1.9, kilo 1.8, kilo 1.6. Aliacha nyasi, kisha akaacha hata mnanaa. Daktari alisema figo zimefika mwisho wake, au kuna kitu kingine kilichojificha, au yote mawili, na kwamba wakati wa kumpumzisha umefika. Walimpakata wote watatu, pamoja na baba, ambaye alitoka kazini akiwa na sare yake.

Baadaye daktari aliuliza, kwa upole, kama wangependa tumbo lifunguliwe ili wajue sababu. Swali hilo lilikuwa na mvuto mkubwa kuliko lilivyoonekana. Kizazi kikikutwa salama, mama atakuwa amehakikishiwa. Kikikutwa na saratani, binti ndiye aliyekuwa na haki. Safari hii binti, ambaye sasa alikuwa na miaka 16, hakumfasiria mama yake kwanza. Alijibu mwenyewe kwamba hapana, ahsante, kisha ndipo akamgeukia mama na kumweleza alichoulizwa na alichojibu.

"Kwa nini umekataa?" mama aliuliza.

"Kwa sababu siku ile hatukuwa tukilijua hilo," alisema binti. "Tulikuwa tukijua mengine."

Walimzika uani jioni ile. Mizani ilioshwa ikarudi kwenye unga. Bibi alipopiga simu kutoa pole, baada ya shikamoo na marahaba, aliuliza wamemfukia wapi. Mama alisema, chini ya mnanaa.

"Basi huo mnanaa msiutie kwenye chai mwaka huu," alisema bibi. "Mwachieni mwenyewe."